Mtoto Anapoanza Tiba ya Usemi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi

Majibu haya ni kwa wazazi na walezi wa watoto wa mwaka 1 hadi 6 walioelekezwa kwa mtaalamu wa usemi na lugha, au ambao bado wanajiuliza kama waende. Mifano ni ya Kiswahili na ya nyumba za kwetu, kwa sababu vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa ajili ya mtoto anayekua na Kiingereza, na si kila kanuni yake inamfaa mtoto anayejifunza kusema "ng'ombe" na "mbwa".

Tiba ya usemi ni kumfundisha mtoto kutamka maneno?

Hiyo ni sehemu tu. Usemi ni sauti zinazotoka kinywani. Lugha ni kuelewa na kujenga maana: kujua kwamba "lete kikombe" si sawa na "weka kikombe". Kabla ya hayo mawili kuna mawasiliano yenyewe, yaani kutazamana, kunyoosha kidole, kupokezana zamu. Mtoto anaweza kutamka vizuri sana maneno ya matangazo ya televisheni na bado asiweze kuomba maji. Mwingine anaelewa kila kitu, lakini sauti hazitoki sawasawa. Matibabu yao hayafanani, ndiyo maana mtaalamu hawezi kukupa "mazoezi ya kuongea" kwa simu kabla hajamwona mtoto. Wataalamu hawa pia hushughulikia kutafuna na kumeza, hasa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo.

Ana miaka miwili na haongei. Mama mkwe anasema hata baba yake alichelewa. Tusubiri?

Msisubiri. Ni kweli wapo watoto waliochelewa wakaja kuongea bila msaada wa mtu, na ni kweli wavulana huchelewa kidogo kuliko wasichana. Tatizo ni kwamba akiwa na miaka miwili hakuna anayeweza kuapa kuwa wako ni mmoja wao. Tathmini haimdhuru asiyeihitaji; miaka miwili ya kusubiri humgharimu anayeihitaji.

Vipimo vya kukumbuka ni hivi. Kufikia miezi 12, mtoto awe anabwabwaja ("bababa", "dada-da"), anaitika jina lake, anapunga mkono au kuonyesha kwa kidole. Kufikia miezi 16 awe na angalau neno moja moja. Kufikia miaka 2 watoto wengi wana maneno yapatayo 50 na wameanza kuunganisha mawili: "mama njoo", "taka maji". Akifika miaka 3, mgeni aelewe takriban robo tatu ya anayoyasema.

Kuhesabu maneno nako kuna utata wake katika Kiswahili. "Nyau" kwa paka na "meee" kwa mbuzi ni maneno, mradi mtoto ayatumie kwa kitu kilekile kila mara. Na neno moja letu linaweza kuwa sentensi nzima, kama "nimekula". Kwa hiyo mtaalamu hahesabu tu maneno mangapi yametoka. Anasikiliza kama mtoto anabadilisha vipande: "kula", "nakula", "sitaki kula". Mwenye "sitaki" moja tu iliyoganda ameikariri kama jina la kitu.

Kuna dalili moja isiyongoja umri wowote: mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza. Huyo apelekwe kwa daktari wiki hiyohiyo.

Mbona tunatumwa kupima masikio kwanza? Anasikia vizuri, mlango ukigongwa anageuka.

Mlango ukibamizwa hutoa sauti nzito na mtikisiko. Mtoto anaweza kugeukia huo na bado asipate sauti nyembamba za s, f na sh. Sababu ya kawaida kwa watoto wadogo ni majimaji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara. Usikivu hupanda na kushuka, wiki hii anasikia, wiki ijayo ni kama ana pamba masikioni. Nta iliyoziba nayo inatosha kuleta shida. Aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au aliyezaliwa na manjano kali, apimwe hata kama hakuna anayemtilia shaka.

Kipimo hakiumi. Mdogo sana hupimwa akiwa amelala, kwa vifaa vinavyobandikwa kichwani. Kuanzia karibu miaka mitatu hupimwa kwa mchezo: kila akisikia mlio, anatumbukiza kibao ndooni. Kuanza tiba ya usemi kwa mtoto asiyesikia bila kujua hali hiyo ni kupoteza miezi na pesa, na tunaona likifanyika mara nyingi mno.

Siku ya kwanza twende na nini?

Kadi ya kliniki, majibu ya masikio na barua za daktari kama zipo. Andika orodha ya maneno yote anayotumia, katika lugha zote, hata yale ambayo nyinyi tu mnayaelewa. Chukua video mbili au tatu za simu, kila moja dakika 2 hadi 3, akicheza au akila nyumbani bila kujua anarekodiwa. Video hizo zina thamani kubwa, maana watoto wengi hunyamaza kabisa mbele ya mgeni. Beba kitu anachokipenda cha kuchezea na cha kutafuna.

Anayeshinda na mtoto aje. Kama ni bibi, bibi aje. Kama ni dada wa kazi, mlipie nauli aje naye. Ndiye atakayekuwa na mtoto saa nane kwa siku.

Kitafanyika nini siku hiyo?

Tathmini huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu, wakati mwingine hugawanywa kwa siku mbili. Nusu yake ni maswali kwako: ujauzito, kuzaliwa (je, alilia papo hapo?), magonjwa, alianza lini kukaa na kutembea, nani anaongea naye na kwa lugha gani. Kisha mtaalamu atakaa chini na mtoto: gari, mdoli, vikombe, mapovu ya sabuni, picha. Atachungulia kinywa kuona kaakaa, ulimi na meno.

Acha mtoto ajibu mwenyewe. Wazazi wengi hushikwa na aibu na kuanza, "Sema! Si unajua? Jana umesema!" Mtaalamu anajua. Anachotaka kuona ni mtoto anavyofanya neno linapomkwama.

Mwishoni uondoke na mambo matatu: tatizo lililoonekana, malengo ya miezi mitatu yanayoweza kupimwa (si "aboreke", bali kwa mfano "aombe vitu 10 kwa neno au ishara bila kukumbushwa"), na kazi moja ya kufanya nyumbani. Kama hukupewa, uliza. Ripoti ya maandishi ni haki yako. Utaihitaji shuleni na kwenye bima.

Nimelipa, halafu naona wanacheza tu na mapovu.

Tazama tena. Mtaalamu anapuliza mapovu, anafunga kichupa, ananyamaza. Mtoto anataka tena. Anatazama kichupa, anamtazama mtu, anatoa sauti. Hapo ndipo "tena" inapoingizwa, mara 20 ndani ya dakika tano, na kila mara mtoto ana sababu ya kuisema. Ukimkalisha mtoto wa miaka miwili mezani na kumwambia "sema tena" mara 20, utapata kilio.

Cha kutilia shaka ni kingine: mtoto kupewa filimbi, kupuliza mishumaa na kuchezesha ulimi juu na chini kwa wiki nyingi ili "misuli ya mdomo iwe na nguvu". Kuongea hakudai nguvu nyingi za misuli. Kunadai mpangilio wake, na mpangilio hujifunzwa kwa kuongea. Ukiona miezi miwili imepita kwa kupuliza tu, uliza lengo ni lipi.

Atakwenda mara ngapi?

Kawaida ni mara moja au mbili kwa wiki, dakika 30 hadi 45. Wiki ina saa 168. Hesabu mwenyewe: saa moja ya kliniki haiwezi kushindana na 167 za nyumbani. Kwa mtoto chini ya miaka minne, kazi kubwa ya mtaalamu ni kumfundisha mzazi. Kliniki inayokuacha benchi la nje kila siku, mlango umefungwa, kisha kukurudishia mtoto na "amefanya vizuri leo", inakunyima nusu ya ulichokilipia.

Nyumbani tufanye nini hasa?

Dakika 10, mara tatu kwa siku, ndani ya shughuli ambazo zingefanyika hata hivyo: kuoga, kula, kuvaa, kuanua nguo. Hakuna haja ya kununua kadi wala vitabu.

Chagueni maneno matano hadi kumi yenye kazi. Rangi, namba na herufi zingoje. Mtoto asiye na maneno hana la kufanya na "pembetatu". Anahitaji "nipe", "tena", "njoo", "fungua", "basi", "maji", "toa". Nyumba nzima itumie maneno hayohayo.

Shuka chini macho yenu yalingane. Sema kidogo, sentensi iwe ndefu kuliko yake kwa neno moja tu. Akisema "gari", wewe "gari linakwenda". Akisema "taka maji", wewe "nataka maji baridi". Humkosoi, unamrudishia neno lake likiwa limekua.

Kisha subiri. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mpe chaguo, "maziwa au uji?", onyesha vyote viwili, halafu hesabu kimyakimya hadi 10 huku ukimtazama kwa hamu. Watu wengi hufika mbili tu wakajijibu wenyewe. Unaweza pia kuunda haja: mpe kijiko bila uji, funga kopo la biskuti asiloweza kulifungua, mvishe kiatu kimoja kisha ukae kama umesahau.

Yanayoharibu ni machache na yanajirudia. La kwanza ni mtihani: "Hii nini? Na hii? Ng'ombe analiaje?" Mtoto anayebanwa maswali hujifunza kukwepa. La pili ni kumnyima: "Hupati maji mpaka useme maji." Akitoa sauti yoyote, ishara yoyote, mpe, na useme neno wewe wakati unampa. La tatu ni kaka na dada zake kumsemea; wanafanya kwa upendo, wapeni kazi nyingine, wafundisheni kusubiri zamu. La nne hatulioni kirahisi kwa sababu ni mazoea: kuna nyumba ambamo mtoto husikia amri tu kutwa nzima, "njoo, kaa, acha, toka hapo". Amri haina nafasi ya jibu. Mweleze unachofanya: "Naosha sahani. Sahani chafu. Sasa safi."

Tunaongea Kiswahili, Kiingereza na Kichaga (au Kijaluo, au Kisukuma). Tuache lugha moja?

Hapana. Lugha mbili au tatu hazileti ucheleweshaji. Mtoto mwenye tatizo la lugha atakuwa nalo katika zote. Asiye nalo hatalipata kwa sababu ya kuongeza lugha. Maneno yake huhesabiwa kwa pamoja: "maji", "ball" na neno la bibi ni maneno matatu.

Kosa tunaloliona mijini ni wazazi kuhamia Kiingereza wasichokimudu vizuri, kwa kuwa shule inakitaka. Mtoto hupokea sentensi fupi, kavu, zilizokatikakatika, badala ya lugha tajiri ambayo mama yake angeimimina bila kufikiri. Ongea naye kwa lugha unayoweza kutania, kubembeleza na kukemea kwayo.

Kuna anayesema akatwe kimeo, au utando wa chini ya ulimi.

Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, hakizuii kuongea. Kukikata kienyeji huleta damu isiyokatika na maambukizi, na wembe uliotumika kwa wengine unaweza kuleta virusi. Msikubali.

Utando wa chini ya ulimi ni suala jingine. Kwa watoto wachache ni mfupi kweli, na mara nyingi huonekana mapema kwa mtoto kushindwa kunyonya. Unaweza kusumbua sauti zinazoinua ncha ya ulimi, kama l na r. Hauwezi kumfanya mtoto asiwe na neno hata moja. Kama ipo haja, daktari wa masikio, pua na koo au wa meno ataukata kwa usalama.

Aliyezaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka huanza na upasuaji. Mdomo mara nyingi hushonwa kuanzia miezi 3, kaakaa kati ya miezi 9 na 18. CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa hospitali zinazofanya upasuaji huo, na shirika la Smile Train hugharamia upasuaji wa aina hii katika nchi zetu. Tiba ya usemi hufuata, kwa sababu mtoto amezoea kupitishia sauti puani na mazoea hayaondoki kwa uzi na sindano.

Simu na katuni zinamfundisha maneno, au zinamharibu?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja na chini yake, na kwa miaka 2 hadi 4 linaweka kikomo cha saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Katuni haisubiri jibu. Hapo ndipo inaposhindwa. Atajifunza kuimba namba hadi ishirini asijue kuomba mbili. Zimeni pia televisheni inayonguruma sebuleni bila mtazamaji.

Ana miaka mitatu na nusu, anasema "tamati" badala ya "samaki". Ni kasoro?

Hapana, ni mfumo. Ameweka t mahali pa s na pa k, na ukimsikiliza utaona hafanyi hivyo kwa kubahatisha: kuku ni "tutu", saa ni "taa". Kufupisha nako kuna kanuni. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi mtoto hushika mwisho wa neno: kijiko huwa "jiko", mandazi huwa "dazi". Ndizi huwa "dizi" kwa sababu nd, mb na ng ni sauti pacha zinazotaka pua na mdomo vifanye kazi pamoja. Mengi ya haya hupungua kadiri anavyokaribia miaka minne. R inaweza kuchelewa hadi mitano au sita bila mtu kuwa na wasiwasi.

Pia kuna yasiyo kasoro kabisa. Kama nyumbani watu wazima wanabadilisha l na r kwa sababu ya lugha ya kwao, mtoto amejifunza sawasawa alichosikia. Vivyo hivyo "zahabu" kwa dhahabu na "selasini" kwa thelathini.

Tiba ikihitajika huenda kwa ngazi. Kwanza kusikia tofauti, kwa picha za maneno yanayokaribiana: kaa na taa, saa na taa, paka na pata. Ndipo sauti peke yake, kisha silabi (ka, ke, ki, ko, ku), kisha neno, sentensi, mwisho mazungumzo. Mtoto hapandishwi ngazi mpaka apatie karibu mara 8 kati ya 10. Wazazi huruka moja kwa moja kwenye neno, mtoto anashindwa mara kumi mfululizo, na siku ya pili hataki kukaa. Msimcheke, na msimwige. "Ndiyo, samaki. Samaki mkubwa" inatosha.

Na kigugumizi?

Kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, maneno yanapomjia mengi kwa mpigo, na watoto wengi hupona. Tafuta mtaalamu mapema kama kimezidi miezi sita, kama katika ukoo kuna mtu mzima mwenye kigugumizi, au kama mtoto anakaza uso, anapiga mguu chini au ameanza kukwepa kuongea. Usimwambie "tulia, vuta pumzi, anza upya". Punguza kasi yako wewe, mtazame, msikilize mpaka amalize.

Wanataka kumpa picha na ishara. Si atazoea na asiongee kabisa?

Hofu hii ni ya karibu kila mzazi, na haina msingi. Ishara na picha hazizuii maneno. Kwa watoto wengi huyavuta, kwa sababu mtoto ameonja faida ya kueleweka. Na vurugu hupungua: anayeweza kugusa picha ya choo hana haja ya kujitupa sakafuni. Mbao za picha za bei ghali si lazima. Picha sita za vitu vya nyumbani kwenu, zilizopigwa kwa simu, zikachapishwa na kufunikwa kwa plastiki, zinatosha kuanza. Mtoto kiziwi ni habari nyingine: yeye anahitaji lugha kamili, ya Alama ya Tanzania au ya Ishara ya Kenya, mapema iwezekanavyo, na wazazi waijifunze pamoja naye.

Je, ni usonji (autism)?

Kuchelewa kuongea peke yake si usonji. Kinachoongeza shaka ni kuchelewa kukiambatana na kutoitika jina, kutoonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione, kukushika mkono kama chombo cha kufikia kitu, na kurudiarudia jambo moja kwa muda mrefu. Mtaalamu wa usemi ataliona na kukuelekeza kwa daktari wa watoto. Tiba haingoji jina la ugonjwa, ianze.

Nitampata wapi, na nitajuaje ni mtaalamu kweli?

Anza na hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili Dar es Salaam na Kenyatta Nairobi. Foleni ni ndefu lakini gharama ni ndogo kuliko kliniki binafsi. Kenya ina pia vituo vya tathmini vya EARC (Educational Assessment and Resource Centres), vilivyoanzishwa 1984 chini ya Wizara ya Elimu, vinavyopima watoto na kuwaelekeza shule inayowafaa. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya fani hii 2008, na wahitimu wake wamesambaa ukanda huu.

Uliza bila haya: umesoma wapi, una shahada gani, umesajiliwa? Anayeahidi kwamba mtoto "ataongea baada ya vipindi kumi" mwogope. Kuhusu bima, pata jibu la maandishi kabla ya kipindi cha kwanza: vipindi vingapi kwa mwaka, na kama barua ya daktari inahitajika.

Analia kila tukifika, na wiki sita zimepita bila neno jipya.

Kilio cha wiki mbili tatu za mwanzo ni cha kawaida. Mpange saa ambayo ameshakula na kulala. Kikiendelea zaidi ya hapo, kazi ni ngumu kuliko uwezo wake au chumba kina kelele. Mwambie mtaalamu abadilishe.

Maneno huja mwisho. Kabla yake angalia: anakutazama zaidi? Anafuata maagizo mapya? Anakuvuta nguo akuonyeshe kitu? Weka daftari, andika mawili matatu kila Jumapili. Kama baada ya miezi mitatu ya kuhudhuria bila kukosa na kazi ya nyumbani daftari bado ni tupu, omba tathmini mpya au mtaalamu wa pili.

Tunaishi mbali, nauli inatushinda.

Zungumza na mtaalamu tangu siku ya kwanza. Wengi hukubali mpango wa kuonana mara moja kwa mwezi na katikati mkatumiana video kwa WhatsApp. Rekodi dakika tatu za kuoga au kula, simu ikiwa imeegemezwa mahali ili mikono yako iwe huru, na uso wako na wa mtoto vyote vionekane. Mtaalamu akutazame wewe zaidi ya mtoto: ulisubiri hadi ngapi, uliuliza maswali mangapi, ulimrudishia neno gani.